Rais mpya akishaapa, Baraza la Mawaziri linapatikanaje? Tanzania, ibara kwa ibara

#1 Mpekuzi Ibara

Wakuu, kila uchaguzi ukipita jukwaa hujaa orodha za "mawaziri watarajiwa". Nyingi zinakufa siku ya kwanza kwa sababu aliyezitunga hajui mtu anaingilia mlango gani. Naweka mpangilio wa Tanzania hapa, wenye nyongeza na masahihisho karibuni.

Rais akimaliza kuapa hana waziri hata mmoja. Ibara ya 57(2) ya Katiba inasema nafasi ya waziri inakuwa wazi mara tu kabla ya Rais mteule kushika madaraka. Ni hivyo hata kama Rais ni yule yule anarudi kipindi cha pili. Wizara hazifungwi, maana Katibu Mkuu ni mtumishi wa umma na anabaki: mishahara inatoka, dawa zinanunuliwa, barua zinajibiwa. Kinachosimama ni vile vinavyotaka saini ya waziri mwenyewe: kanuni mpya, uteuzi wa wajumbe wa bodi, rufaa ambazo sheria inazipeleka kwa waziri.

Anayetangulia kuteuliwa kwa kawaida ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Magufuli aliapa Novemba 5, 2015 na siku hiyo hiyo akamteua George Masaju. Watu waliona ni haraka tu, lakini ina maana yake. Mwanasheria Mkuu ni mbunge kwa wadhifa wake, na Rais anahitaji mtu wa Serikali ukumbini atakayetoa hoja ya kumthibitisha Waziri Mkuu wakati hakuna waziri mwingine wa kusimama.

Kisha Waziri Mkuu, ibara ya 51(2). Ateuliwe ndani ya siku 14 tangu Rais ashike madaraka, awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni, wa chama chenye wabunge wengi zaidi, na hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa wingi wa kura. Kwa hiyo mbunge wa viti maalumu au wa kuteuliwa mfuteni kwenye orodha zenu za Waziri Mkuu, hata awe na uwezo gani.

Siku 14 zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu. Kabla ya jina kusomwa, Bunge jipya lazima liitwe, lichague Spika, halafu wabunge waape mmoja mmoja, na ni zaidi ya watu 300. Mwaka 2015 Bunge lilikutana mara ya kwanza Novemba 17, na jina la Kassim Majaliwa likasomwa Novemba 19. Hesabuni kuanzia Novemba 6: hiyo ndiyo siku ya 14 yenyewe. Alipata kura 258 kati ya 351, akaapishwa kesho yake.

Baada ya hapo mawaziri, ibara ya 55(1): Rais anawateua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, wote kutoka miongoni mwa wabunge. Na hapa ndipo wengi wanachanganya, kwa kuwa siku 14 ni za Waziri Mkuu tu. Mawaziri hawana ukomo wa siku. Kikwete aliapa Desemba 21, 2005 na baraza likatoka Januari 4, 2006. Magufuli alitangaza lake Desemba 10, 2015, siku 35 baada ya kiapo, tena likiwa na mapengo. Kipindi chake cha pili: kiapo Novemba 5, 2020, orodha Desemba 5. Mwaka 2025 Rais Samia aliapa Novemba 3, jina la Mwigulu Nchemba likaenda bungeni Novemba 13, orodha ikatoka Novemba 17. Kwa hiyo ukiona wiki tatu zimepita bila baraza, usikimbilie kuandika kwamba Katiba imevunjwa.

#2 Kijiti

Mkuu hapo kwenye 57(2) umeniacha. Machi 2021 Samia aliapa kuwa Rais mpya, mbona Majaliwa na mawaziri wote waliendelea? Hakuna aliyerudishwa bungeni kuthibitishwa upya.

#3 Mpekuzi Ibara

Soma neno moja tu: "Rais mteule". Huyo ni aliyetoka kwenye uchaguzi. Samia aliingia kwa ibara ya 37(5), Makamu wa Rais anayeapishwa kumalizia muda wa Rais aliyefariki. Hakuwa Rais mteule, kwa hiyo kile kifungu cha kuwaondoa mawaziri hakikuguswa. Hata muda wa Waziri Mkuu, 51(3), unaisha siku Rais mteule anapoapa, si siku Rais yeyote anapoapa.

Alichokuwa nacho yeye ni kazi ambayo Rais wa uchaguzi hana: kupendekeza Makamu, baada ya kushauriana na chama, na jina lipate kura zisizopungua asilimia 50 ya wabunge wote. Philip Mpango alithibitishwa Machi 30, 2021, akaapa Machi 31. Angalieni mnyororo wake. Mpango alikuwa Waziri wa Fedha na mbunge wa Buhigwe. Kumpandisha kukaacha wizara wazi (akaingia Mwigulu) na jimbo wazi, ikabidi Buhigwe warudi kupiga kura Mei 16. Uteuzi mmoja, mapengo mawili.

#4 Kikokotoo

Nyongeza kwenye "kutoka miongoni mwa wabunge", kwa sababu hesabu ya pale ndiyo inayomfunga Rais mikono kuliko kitu kingine chochote.

Rais ana viti 10 vya kuteua, ibara ya 66(1)(e). Watu wanasema "ana nafasi kumi, ataingiza wataalamu kumi". Hapana. Angalau 5 kati ya hizo ni za wanawake, kwa hiyo mwanamume asiye mbunge ana nafasi 5 tu za kugombania, kwa miaka mitano mizima.

Tazama 2015 zilivyokwenda. Desemba 10 Magufuli alitangaza baraza huku Fedha, Elimu, Maliasili na Ujenzi zikiwa hazina waziri. Katika orodha ile tayari Augustine Mahiga, Makame Mbarawa na Abdallah Possi walikuwa wameingia kwa viti vya kuteuliwa. Desemba 23 akajaza mapengo: Mpango akaenda Fedha, naye kwa kiti cha kuteuliwa. Wanaume 4 kati ya 5, na mwaka haujaisha. Joyce Ndalichako akaenda Elimu kwa kiti upande wa wanawake, ambako Tulia Ackson alishatangulia tangu Novemba. Viti 6 kati ya 10 ndani ya wiki saba.

Rais mwenye busara anaweka akiba, maana akija kumhitaji mtaalamu mwaka wa tatu na viti vimejaa, hana budi mtu ajiuzulu ubunge kwanza. Machi 2021 ndivyo ilivyosaidia: Liberata Mulamula hakuwa mbunge, akateuliwa kuwa mbunge na Waziri wa Mambo ya Nje kwa mkupuo mmoja kwa sababu viti vilikuwepo.

#5 Mlinda Lango

Je huyo mbunge wa kuteuliwa anaweza kuapa uwaziri kabla hajaapa ubunge? Naona kama mkokoteni mbele ya punda.

#6 Kikokotoo

Anaweza, na imefanyika mara nyingi. Akishateuliwa ni mbunge. Kiapo cha ibara ya 68 kinamzuia kushiriki shughuli za Bunge mpaka aape mbele ya Bunge. Wale wa Desemba 2015 waliapa uwaziri Ikulu mwezi huo huo, kiapo cha ubunge kikasubiri mkutano wa Januari. Katikati hapo anaongoza wizara, anasaini, anasafiri, ila hawezi kusimama ukumbini kujibu swali. Kama Bunge linakutana wiki ileile, ratiba ndiyo inayoumiza, sheria haina neno.

#7 Mzee wa Pembeni

Mnaongea kama Rais amefungwa kila upande. "Kushauriana na Waziri Mkuu" ni pambo. Ibara ya 37(1) inasema Rais yuko huru na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba inapomtaka. Kushauriwa si kutii. Anaweza kumwita Waziri Mkuu, akamsikiliza dakika tano, akatoka na orodha yake mfukoni.

#8 Mpekuzi Ibara

Kweli mzee wangu, hilo sibishi. Lakini kushauriana kuna kazi moja isiyo pambo: kunapanga foleni. Bila Waziri Mkuu aliyethibitishwa hakuna wa kushauriana naye, kwa hiyo hakuna waziri.

Na foleni hiyo inafanya kazi kinyumenyume pia. Waziri Mkuu akitoka, wote wanatoka naye, 57(2) hiyo hiyo. Februari 7, 2008 Lowassa alijiuzulu, baraza zima likavunjika hapo hapo hata kwa wasiohusika na kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Pinda akaapa Februari 9, baraza jipya likatoka Februari 12. Kikwete alitumia mwanya huo kupunguza ukubwa: baraza la 2006 lilikuwa na mawaziri na manaibu 60 kwa jumla, hili likawa na 47. Kuvunjika kwa namna hiyo kunamrahisishia Rais, kwa sababu hafukuzi mtu. Anaacha tu kumrudisha.

#9 Msasa wa Nairobi

Naomba niweke ya Kenya kidogo mlinganishe, maana huku kwetu mambo yamegeuzwa.

Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010: mawaziri wasipungue 14, wasizidi 22, na waziri asiwe mbunge. Mbunge akitaka uwaziri anaacha kiti. Mwaka 2022 Duale na Murkomen waliacha viti vyao, Garissa Township na useneta wa Elgeyo Marakwet vikafanyiwa uchaguzi mdogo Januari 2023. Hiyo ilienda sawa. Mwaka 2024 Wandayi alipochukua Wizara ya Kawi (Nishati kwenu), eneo bunge lake la Ugunja lilikaa bila mbunge tangu Agosti mpaka Novemba 2025, kwa vile IEBC, tume yetu ya uchaguzi, haikuwa na makamishna wa kuendesha uchaguzi. Wananchi wa eneo bunge ndio waliolipa gharama ya uteuzi.

Tofauti ya pili ni kupigwa msasa. Rais anapendekeza tu. Jina linaenda kwa Kamati ya Uteuzi ya Bunge la Taifa chini ya Spika, umma unaalikwa kuleta pingamizi kwa hati ya kiapo, mteule analetewa maswali mbele ya kamera na anataja thamani ya mali yake. Anakuja na vyeti: KRA kwa kodi, EACC kwa maadili, DCI kwa makosa ya jinai, HELB kwa mkopo wa masomo. Kamati ina siku 28. Bunge likizembea muda ukapita, mteule anahesabiwa ameidhinishwa.

Ruto aliapa Septemba 13, 2022, akataja majina Septemba 27, mawaziri wakaapa Oktoba 27. Siku 44. Kamati ilipinga jina moja, la Utalii, lakini Bunge zima likampitisha. Agosti 2024 aliyependekezwa Wizara ya Jinsia hakupita, Rais akalazimika kutafuta mwingine.

#10 Mlinda Lango

Asante jirani. Huku "msasa" tunapigia mbao 😂 Ila ule utaratibu wa vyeti ningeupenda kwetu.

#11 Karani wa Fungu

Nyote mnazungumzia watu. Mimi niongelee kitu kinachochukua muda mrefu kuliko majina: wizara zenyewe.

Rais anaweza kuunganisha, kugawa au kubadili jina la wizara siku ya kutangaza baraza. Inasikika kama sentensi moja tu kwenye runinga. Nyuma yake kuna hati ya mgawanyo wa majukumu ya mawaziri, inayotolewa chini ya Sheria ya Mawaziri, Sura ya 299, na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hiyo ndiyo inayosema nani anasimamia sheria ipi, idara ipi, taasisi ipi. Baraza la Magufuli lilitangazwa Desemba 2015, hati ikatoka kama Tangazo la Serikali Na. 144 la 2016, mwezi Aprili. Miezi minne na ushee.

Sheria zetu nyingi hazitaji wizara kwa jina. Zinasema "Waziri mwenye dhamana ya masuala ya maji" au ya kitu kingine. Ndiyo maana wizara inaweza kubadilishwa jina mara tatu bila Bunge kugusa sheria. Lakini mpaka hati itoke, dhamana ya eneo linalogusa wizara mbili inabaki na ubishi. Wizara mbili zinaandikiana barua kuhusu taasisi moja, kila moja inaomba ripoti, na mkurugenzi wa taasisi anatuma nakala kote kote ili asionekane mkaidi. Kanuni ikisainiwa na waziri asiyekuwa na dhamana, wakili yeyote aliyeamka vizuri ataipeleka mahakamani.

Halafu kuna mafungu. Bunge haliidhinishi fedha kwa "wizara" kama watu wanavyodhani, linaidhinisha kwa fungu lenye namba na ofisa masuuli wake, yaani anayewajibika kwa fedha zake. Ujenzi ni Fungu 98, Uchukuzi ni Fungu 62. Mwaka 2015 ziliunganishwa pamoja na Mawasiliano chini ya waziri mmoja, ila mafungu yalibaki mbalimbali na makatibu wakuu wakabaki watatu. Kilimo, Mifugo na Uvuvi vilevile: waziri mmoja, makatibu wakuu watatu. Aliyehesabu mawaziri akaona Serikali imepungua. Aliyehesabu makatibu wakuu aliona kitu kingine kabisa.

Kugawa ni kugumu kuliko kuunganisha. Oktoba 2017 Nishati na Madini ziliachanishwa: Nishati ikabaki na Fungu 58, Madini wakapata namba mpya, 100. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo mgawanyo ulikuja miezi mitatu bajeti ikiwa tayari inatumika. Katika hali hiyo unagawa kasma (vifungu vya matumizi) moja moja: bakaa ya mafuta ya magari, posho, mkataba wa ulinzi wa jengo, deni la umeme, watumishi na mishahara yao. Idara za kitaalamu zinagawanyika bila shida, kila mtu anajua yuko upande upi. Shida ni utawala, uhasibu, manunuzi, ukaguzi wa ndani na TEHAMA, vitengo vilivyokuwa vinahudumia pande zote mbili. Hapo ndipo unakuta wizara mpya ina waziri, ina bendera kwenye gari, na haina mhasibu mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo.

Ushauri kwa wanaotunga mabaraza hapa: mkitaka kugawa wizara, gaweni kabla bajeti haijasomwa, yaani kabla ya Juni. Baraza la baada ya uchaguzi wa Oktoba linaangukia katikati ya mwaka wa fedha kila mara, na hilo halikwepeki.

#12 Binti Kisiwani

Mmesahau Muungano. Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano kwa ibara ya 54(1), hateuliwi na mtu. Waziri wa Serikali ya Mapinduzi hana kiti humo.

Na katika kugawa wizara kuna mstari usioandikwa. Mambo ya Muungano yameorodheshwa, 22. Ulinzi, mambo ya nje, mambo ya ndani yamo. Kilimo, afya, maji hayamo, kwa hiyo mamlaka ya waziri wa maji yanaishia ufukweni Bara. Katiba haimzuii Mzanzibari kuiongoza wizara hiyo, Mbarawa aliiongoza. Lakini kila ikitokea, kelele zinapigwa pande zote mbili, na Rais anazijua kabla hajasaini.

#13 Kijiti

Na Naibu Waziri Mkuu? Manaibu waziri nao wanaingia kwenye baraza?

#14 Mpekuzi Ibara

Manaibu waziri hawaingii. Ibara ya 55 inasema wazi si wajumbe wa Baraza la Mawaziri. Magazeti yanapoandika "baraza la watu 34" yanajumlisha manaibu, na ndiyo maana takwimu za mitandaoni hazifanani. Mwanasheria Mkuu anahudhuria na kuzungumza ila hapigi kura. Katibu Mkuu Kiongozi ndiye katibu wa baraza.

Naibu Waziri Mkuu hayumo kwenye Katiba popote. Ni cheo ambacho Rais anakiunda kwa mamlaka yake ya ibara ya 36 ya kuanzisha nafasi za madaraka. Amekuwa Salim Ahmed Salim, akawa Mrema, kikapotea miaka mingi, kikarudi Agosti 30, 2023 kwa Doto Biteko akiwa pia Waziri wa Nishati. Kwa kuwa hakina ibara, hakina kazi yake ya lazima. Rais na Makamu wasipokuwepo, anayeongoza kikao ni Waziri Mkuu, na Katiba inaishia hapo bila kumtaja naibu.

#15 Mzee wa Pembeni

Tusisahau hatua ambayo kila mtu huiona ya sherehe tu: kiapo. Ibara ya 56, waziri au naibu hashiki madaraka mpaka aape mbele ya Rais. Kati ya kutangazwa na kuapa ni mteule, basi.

Desemba 9, 2020, Ikulu ya Chamwino, naibu waziri mteule wa Madini alishika karatasi ya kiapo akakwama kuisoma, akarudia, ikagoma. Rais akasema papo hapo atateua mwingine. Wengi waliita ni kufukuzwa kazi. Kisheria hakufukuzwa, kazi alikuwa hajaianza. Siku mbili baadaye nafasi ikaenda kwa Shukrani Manya, ambaye hakuwa mbunge, kwa hiyo kiti kimoja cha wale kumi wa Kikokotoo kikaondoka siku hiyo kwa sababu ya mistari michache ya karatasi.

#16 Karani wa Fungu

Na baada ya kiapo kuna fomu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inampa siku 30 kuwasilisha tamko la mali na madeni kwa Kamishna wa Maadili, kisha kila mwisho wa mwaka. Aliyeapishwa Desemba anajikuta na tarehe mbili zinazofuatana, na hapo ndipo wengi huchelewa. Wanaokosea zaidi ni kwenye mali ya mwenza na watoto wadogo, na mikopo. Madeni nayo ni sehemu ya tamko, si mali tu. Februari 2016 mawaziri wanne na naibu waziri mmoja walipewa mpaka saa 12 jioni ya siku ileile warudishe fomu au waache kazi. Walirudisha.

#17 Mlinda Lango

Mleta mada, rekebisha #1 kitu kimoja: umeandika jina "likasomwa" siku ya 14. Katiba inataka *ateuliwe* ndani ya siku 14. Uthibitisho wa Bunge ni hatua nyingine, haukuwekewa siku.

#18 Mpekuzi Ibara

Uko sahihi, uteuzi ndio wenye siku 14. Ila bahasha yenye jina inaletwa bungeni na mpambe wa Rais ikiwa imefungwa, na hakuna anayejua tarehe iliyoandikwa ndani mpaka Spika aifungue. Kwa hiyo kwa mtu wa nje, siku ya kusomwa ndiyo siku pekee anayoweza kuihesabu. Nimeacha #1 ilivyo, wanaosoma washuke mpaka hapa.